Kioo chenye mpako wa kuzuia joto: kinafaa kwa nyumba ya Dar es Salaam au tunauziwa dawa ya baridi ya Ulaya?

#1 Mjenzi_Goba

Wakuu, salaam. Nyumba yangu ipo Goba, ina sebule na vyumba vitatu, na upande wake mrefu unatazama magharibi kwa sababu kiwanja kilikaa hivyo na barabara ipo huko. Madirisha ni ya nako ya zamani, yale ya vipande vya vioo vinavyofunguka kwa kulala. Vioo vingi vimepasuka na mikono ya kufungia imelegea, kwa hiyo nimeamua kuyang'oa yote na kuweka ya aluminiamu ya kusukuma. Muuzaji mmoja alinionyesha kioo cheupe cha milimita 5, kioo cha tinti ya kahawia, na cha tatu ambacho kwa macho kinafanana kabisa na kile cheupe ila kina stika iliyoandikwa Low-E, na bei yake ni zaidi ya mara mbili. Anasema kina mpako usioonekana unaorudisha joto nje, na kwamba joto litapungua kwa asilimia 70. Nilipomuuliza mpako huo umetengenezwa kwa kitu gani na unakaa upande upi wa kioo, alibadilisha mazungumzo.

Sebuleni kuna AC, vyumbani kuna mapangaboi tu. Naomba mwenye ujuzi anisaidie: mpako huo upo kweli, na je, unafanya kazi kwenye kioo kimoja kisicho na mwenzake? Kuanzia saa tisa alasiri sebule yangu haikaliki.

#2 Fundi_Tegeta

Mkuu, nafunga madirisha ya aluminiamu kuanzia Bunju hadi Kigamboni, na wanaoniulizia kioo hicho ni wenye maghorofa ya ofisi. Kwa nyumba ya kuishi weka tinti ya kahawia, ufunge pazia zito, maisha yaendelee. Mteja wa tinti ana faida ya pili, kwamba mchana mpita njia haoni ndani. Huyo muuzaji anataka kukutoa fedha.

#3 Mwl_Fizikia_Moro

Mleta mada, mpako huo upo na si uzushi, lakini neno "joto" katika maelezo ya muuzaji limebeba mambo mawili ambayo inabidi yatenganishwe.

Jambo la kwanza ni joto la jua lenyewe. Nishati ya jua inayotufikia imegawanyika: kiasi kidogo sana ni mionzi ya urujuanimno, karibu nusu ni mwanga tunaouona, na karibu nusu nyingine ni infraredi ya karibu, ambayo jicho haliioni lakini ngozi huisikia. Kioo cheupe hupitisha sehemu kubwa ya vyote hivyo. Jambo la pili ni joto linalotolewa na vitu vyenyewe, yaani ukuta, sakafu, kochi na mwili wa mtu, ambalo husafiri kwa mawimbi marefu zaidi, yapatayo mikromita 10. Mionzi hii haipiti kwenye kioo. Kioo huifyonza, hupata moto, kisha huitoa tena upande wa pili. Uwezo huo wa kutoa mionzi hupimwa kwa kipimo cha emisiviti. Kioo kitupu kina 0.84, na kikipakwa tabaka jembamba la fedha, kwa maana ya madini, huweza kushuka chini ya 0.05.

Kazi ya asili ya mpako, basi, ni kuzuia joto la mawimbi marefu lisihame kutoka upande mmoja wa kioo kwenda mwingine. Ndiyo maana utafiti wake ulipata nguvu katika nchi za baridi baada ya bei ya mafuta kupanda mwaka 1973, ikiwamo katika maabara ya taifa ya Lawrence Berkeley kule California. Watu walitaka moto wa ndani ubaki ndani. Mipako ya kuzuia jua ilifuata baadaye, kwa kupanga tabaka mbili au tatu za fedha ili ziruhusu mwanga na kukataa infraredi ya karibu. Mipako yote hii huandikwa Low-E, yaani emisiviti ndogo, hivyo stika peke yake haikuambii umeuziwa ipi.

Namba unayotakiwa kumwomba muuzaji ni kigezo cha kupitisha joto la jua, ambacho huanzia 0 (hakuna kinachopita) hadi 1 (lote linapita). Kioo cheupe kimoja ni takriban 0.86. Tinti ya kahawia ya milimita 6 ni kama 0.6. Kioo pacha, yaani vioo viwili vilivyofungwa pamoja na nafasi katikati, chenye mpako wa tabaka tatu za fedha hufika karibu na 0.27. Hiyo asilimia 70 aliyoitaja naona ameichukua kwenye kioo pacha cha namna hiyo akaibandika kwenye kioo chake kimoja.

#4 Mjenzi_Goba

Ahsante sana, Mwalimu. Alichonionyesha ni kioo kimoja kabisa, nilikishika ukingoni.

#5 Injinia_Kimara

Naongezea kwa Mwalimu, kwa sababu hapo kwenye "kioo kimoja" ndipo penye mtego.

Kuna mpako laini na mpako mgumu. Mpako laini ndio huo wa fedha, hupakwa ndani ya chumba kisicho na hewa, na kila tabaka la fedha lina unene wa nanomita kumi hivi. Fedha hiyo ikikutana na unyevu huharibika, kwa hiyo lazima ifungiwe ndani ya kioo pacha, na hata kwenye kingo, pale gundi inaposhika, mpako hukwanguliwa ili kutu isianzie hapo na kutambaa. Mpako mgumu ni oksidi ya bati yenye florini kidogo, nao huwekwa kiwandani kioo kikiwa bado cha moto, ukashikamana nacho. Huu unaweza kusimama kwenye kioo kimoja, ukafutwa kwa kitambaa, ukaishi. Emisiviti yake ni ya kati, kama 0.15 hadi 0.2.

Sasa tazama. Kama alichonacho muuzaji ni mpako laini kwenye kioo kimoja, hewa ya Dar itaufanya madoadoa muda si mrefu. Kama ni mpako mgumu, utadumu, lakini kigezo chake cha kupitisha jua kinabaki karibu na 0.7, maana haukutengenezwa kwa ajili ya kukataa jua. Kwa hesabu hiyo, tinti ya kahawia ya Fundi_Tegeta inazuia jua zaidi ya kioo hicho cha bei mara mbili, ingawa inakula na mwanga.

#6 Fundi_Tegeta

Wasomi wamezunguka Berkeley wamerudi Tegeta. Naomba posti namba 5 ibandikwe juu ya uzi.

#7 Mwl_Fizikia_Moro

Usishangilie mapema, fundi. Tinti hufyonza joto badala ya kulirudisha. Kioo cha kahawia saa kumi jioni ukikigusa unatoa mkono, na sehemu ya joto hilo huingia ndani baadaye. Mtu aliyekaa karibu na dirisha atachomwa na kioo chenyewe hata kama jua limepungua. Kwenye kigezo sehemu hiyo imeshahesabiwa, lakini mwili wa mtu aliye kwenye kochi hauhesabu wastani wa chumba.

#8 Baba_Aisha_StPaul

Habari zenu. Niko Minnesota, Marekani, nyumba yetu ni ya mbao ya miaka ya 1960, na tulibadilisha madirisha yote kwa sababu wakati wa baridi, nje ikiwa nyuzi 25 chini ya sifuri, ulikuwa ukikaa karibu na dirisha unahisi mtu anakupulizia barafu mgongoni. Tuliweka kioo pacha chenye mpako na gesi ya argoni katikati, ambayo hupitisha joto kidogo kuliko hewa.

Huku kila dirisha jipya huja na kibandiko cha NFRC, baraza la huku linalopima ubora wa madirisha, na kibandiko hicho kina namba nne au zaidi, na mbili ndizo za kutazama: kigezo cha U, kinachoonyesha joto linavyovuja, na kile cha jua alichokitaja Mwalimu. Energy Star, programu ya serikali ya Marekani ya kutambua bidhaa zinazookoa nishati, ilibadilisha masharti yake Oktoba 2023, na ukiyasoma utaona jinsi nchi moja inavyotaka vioo viwili tofauti. Kwa kanda ya kaskazini wanataka U isizidi 0.22 kwa vipimo vya Kimarekani, ambayo ni kama 1.25 kwa vipimo vyenu, na jua wanaliruhusu liingie maana ni moto wa bure. Kwa kanda ya kusini U inalegezwa hadi 0.32, lakini kigezo cha jua hakitakiwi kuvuka 0.23. Mjenzi_Goba, wewe ni mtu wa kusini mwa kusini. Ukinunua kioo changu utakuwa umenunua koti.

Kuhusu faida, niseme ukweli: baridi ya mgongoni imekwisha, lakini bili ya gesi haikushuka kama muuzaji alivyoahidi. Jirani yangu, ambaye ni fundi wa nyumba, anashikilia kwamba hata hiyo nafuu haikutokana na mpako, imetokana na kuziba nyufa zilizokuwa kati ya fremu za zamani na ukuta. Mimi naamini ni mpako, kwa sababu tofauti naisikia hata siku isiyo na upepo. Tumebishana na hatujafika mwisho. Kilichotupunguzia machungu ni nafuu ya kodi ya asilimia 30, isiyozidi dola 600 kwa madirisha, ambayo sheria imeikatisha mwisho wa mwaka 2025.

#9 Bati_Moto

Wadau, mnajadili dirisha wakati moto uko juu ya kichwa. Mleta mada hajasema ameezeka kwa nini. Kama ni bati bila kitu chochote chini yake, na dari ni ya jipsamu iliyogongwa moja kwa moja chini ya kenchi, basi hata akiweka kioo cha almasi ataendelea kutoka jasho. Pima mwenyewe: mita za mraba za dirisha la magharibi ni ngapi, na za paa ni ngapi? Jua la saa sita linapiga paa lote kwa pamoja, dari inapata moto, na inautoa polepole hadi usiku.

Kichekesho ni kwamba dawa ya paa ni sayansi ileile. Karatasi ya aluminiamu inayong'aa, ikitandikwa chini ya bati na kuachiwa nafasi ya hewa, ina emisiviti ndogo kuliko hata huo mpako mgumu, na bei yake kwa mita haikaribii ya kioo.

#10 Mjenzi_Goba

Nimeezeka kwa bati la msauzi, na chini yake hakuna kitu. Lakini mbona vyumba vya mashariki, vilivyo chini ya bati hilohilo, vinakalika alasiri, na sebule ndiyo inayowaka?

#11 Bati_Moto

Vyumba vya mashariki asubuhi vikoje?

#12 Mjenzi_Goba

Asubuhi hakuna mtu ndani, kwa hiyo hakuna shahidi.

#13 Injinia_Kimara

Swali la namba 10 linahitaji hesabu, na hesabu yenyewe si ngumu. Chukua dirisha moja la magharibi la mita 1.8 kwa 1.5, yaani mita za mraba 2.7. Alasiri yenye jua kali ukuta wa magharibi unaweza kupokea wati 600 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo dirisha linapokea wati 1,620. Kioo cheupe kinaingiza kama 1,390. Tinti inaingiza kama 970. Mpako mgumu unaingiza kama 1,130. Kioo pacha chenye tabaka tatu za fedha kinaingiza kama 440.

AC ya BTU 12,000 inaondoa wati 3,500 za joto. Dirisha hilo moja la kioo cheupe linakula zaidi ya theluthi ya nguvu yake kabla hujaingiza mtu wala televisheni. Kwa upande wa gharama: tofauti kati ya kioo cheupe na kile kioo pacha ni kama wati 950 za joto, na AC huhitaji takriban theluthi moja ya hizo kwenye umeme. Kwa saa tatu za jua kali ni kama uniti moja kwa siku, yaani shilingi 350 na ushee kwa bei ya mteja wa kawaida wa TANESCO. Kwa mwezi wa jua tupu ni kama shilingi 10,000 kwa dirisha moja. Mwenye bei ya kioo pacha agawanye mwenyewe aone itachukua miaka mingapi kurudi.

#14 Mwl_Fizikia_Moro

Hesabu ni safi, ila mwezi wa jua tupu Dar ni upi? Masika ina mawingu, na alasiri nyingi wingu la bahari linapita. Halafu hesabu yote imesimama juu ya AC iliyowashwa na dirisha lililofungwa. Vyumbani kwake hakuna AC, madirisha yako wazi. Kigezo cha U hakina kazi kabisa pale hewa ya nje na ya ndani ni ileile.

#15 Bint_Shangani

Salaam kutoka Unguja. Naona wote mmepita juu ya jambo moja lililo kwenye posti ya kwanza. Ndugu anang'oa nako na kuweka madirisha ya kusukuma. Nako ukiifungua, karibu dirisha lote linapitisha upepo. Dirisha la kusukuma, hata ulifanye nini, linafunguka nusu tu, maana kioo kimoja kinajificha nyuma ya mwenzake, kisha unaweka na wavu wa mbu. Kwa vyumba vyenye mapangaboi, huko ni kukata nusu ya upepo kwa gharama yako mwenyewe. Inawezekana kabisa akamaliza ukarabati, akaweka kioo cha gharama, na vyumba vikawa na joto kuliko zamani, kisha akalaumu kioo.

Nyumba zetu za Mji Mkongwe zina kuta nene za mawe ya matumbawe na madirisha ya mbao yenye vipande vya kulala kwa mshazari, ambavyo hukinga jua nje na kuruhusu upepo kupita. Jua likizuiwa kabla ya kufika kwenye kioo, kigezo chochote mnachokitaja hakina cha kupitisha. Kinga ya nje inalishinda pazia la ndani, kwa sababu pazia linapokea joto ambalo tayari limeshaingia.

#16 Injinia_Kimara

Nakubaliana na Bint_Shangani kuhusu kinga ya nje, lakini kwa ukuta wa magharibi kibaraza cha kawaida hakitoshi. Jua la saa kumi na moja liko chini, linaingia kwa ubavu chini ya ukingo wa paa. Kaskazini na kusini ni rahisi, kwa kuwa hapa petu jua la mchana liko juu sana na ukingo wa kawaida unalimaliza. Magharibi unahitaji kinga ya wima, mti, au hayo madirisha ya mbao.

#17 Fundi_Tegeta

Mti wa mwembe hauna kigezo cha U, hauhitaji silikoni, na unatoa embe.

#18 Mkaazi_Ruwi

Assalaam aleikum. Nipo Maskati, na huku mambo ni kinyume na ya Bint_Shangani. Kuanzia Mei mpaka Septemba hakuna mtu anayefungua dirisha. AC inakwenda usiku na mchana, na upepo wa nje ni wa tanuri. Hapo kioo pacha chenye mpako kina maana yote, kwa jua na kwa joto la hewa. Tulipokuwa na kioo kimoja, usiku wenye unyevu kilitoka jasho upande wa nje mpaka maji yakatiririka ukutani, kwa sababu ubaridi wa ndani ulikuwa unafika mpaka uso wa nje. Baada ya kubadilisha, jasho hilo limepungua sana.

#19 Baba_Aisha_StPaul

Ajabu, Mkaazi_Ruwi, kwetu imekuwa kinyume. Madirisha ya zamani hayakuwa na jasho la nje kabisa. Haya mapya, asubuhi za vuli, yanapata ukungu upande wa nje, mke wangu akadhani yameharibika. Maelezo niliyopewa ni kwamba joto la ndani halifiki tena kwenye kioo cha nje, kwa hiyo kioo hicho kinapoa chini ya anga tupu mpaka umande unakishika. Kwenu ubaridi hautoki, kwetu joto halitoki, na jasho linafuata.

#20 Wanjiku_Limuru

Hamjambo. Mimi niko Limuru, juu ya mita 2,000, na mwezi wa Julai huku tunawasha makaa sebuleni. Kwa hiyo mimi ndiye mteja wa kweli wa koti la Baba Aisha, na sitaki kioo kinachofukuza jua, nalitaka lote.

Nina onyo moja kwa watu wa bara. Kioo pacha hufungwa kiwandani na hewa ya mahali pale. Kikifungwa usawa wa bahari kisha kikapanda lori kutoka Mombasa hadi Nairobi, iliyo kama mita 1,700 juu, hewa ya nje inakuwa nyepesi kuliko ile iliyofungiwa ndani, na vioo vinavimba kama shavu la mtoto. Jirani yangu aliagiza vya namna hiyo. Ukisimama bustanini, miti unayoiona kwenye kioo imepinda, na kimoja kilipasuka pembeni kabla hata hakijafungwa. Kuna vioo vinavyotengenezwa na kijibomba chembamba cha kusawazisha hewa njiani, lakini gesi ya argoni hutorokea hapohapo, kwa hiyo ukiwa na kijibomba usilipie argoni.

#21 Mbezi_Juu

Wanjiku, hata huku kuna wanaoagiza vya kupeleka Iringa na Njombe, na sijawahi kumsikia muuzaji akiuliza nyumba iko juu kiasi gani. Lakini kwa nini tuagize? Si kuna Kioo Limited hapa Dar tangu zamani?

#22 Fundi_Tegeta

Hao wanatengeneza chupa, mkuu. Soda yako imo mle. Kioo bapa cha madirisha ni kile kiwanda cha Mkuranga kilichozinduliwa 2023.

#23 Mbezi_Juu

Sawa. Swali jingine: ofisini kwetu wameweka vioo hivyo vya mpako, na tangu siku hiyo simu hazishiki mpaka utoke kwenye korido ya nje. Ni mpako au ni kampuni ya simu?

#24 Injinia_Kimara

Tabaka la fedha ni chuma kwa mawimbi ya simu, linayarudisha kama linavyorudisha joto, na upungufu huo umepimwa mara nyingi. Lakini jengo la zege lenye nondo nalo linachangia, na mnara ukihamishwa nao unachangia, kwa hiyo siwezi kumhukumu mmoja.

#25 Bati_Moto

Pia kioo hicho ndicho kilichoyeyusha gari London mwaka 2013. Mjenzi_Goba aangalie gari la jirani.

#26 Mwl_Fizikia_Moro

Lile jengo la 20 Fenchurch Street liliyeyusha gari kwa sababu uso wake umepinda kwa ndani na kukusanya jua mahali pamoja. Kingekuwa kioo cha aina nyingine chenye kuakisi, umbo lingebaki kuwa kosa lilelile.

#27 Baba_Aisha_StPaul

Mwalimu, usimwachilie mpako moja kwa moja. Huku Marekani nyumba nyingi zimevikwa plastiki ya vinaili kwa nje, na kuna kesi zinazojulikana za dirisha la jirani lenye mpako kurudisha jua mpaka vinaili ikalegea na kujikunja. Hewa ya ndani ya kioo pacha inaposinyaa kwa baridi, kioo hubonyea kidogo, na mpako unaongeza nguvu ya jua linalorudi. Umbo na mpako wanashirikiana.

#28 Mjenzi_Goba

Wakuu, nimesoma yote. Karatasi ya aluminiamu ya Bati_Moto nimeikubali, fundi paa anakuja. Vyumbani nimerudi kwenye nako mpya kwa hoja ya Bint_Shangani. Imebaki sebule, ambayo ina AC na madirisha mawili ya magharibi, na hapo bado naona kioo cha mpako kina nafasi kama kweli ni chenyewe. Nitajuaje dukani kwamba kioo hicho kina mpako, maana muuzaji hana karatasi yoyote ya kiwandani?

#29 Injinia_Kimara

Kwa kioo pacha, washa kiberiti mbele yake. Utaona miali minne iliyoakisiwa, mmoja kwa kila uso wa kioo. Ule wenye rangi tofauti na mingine ndio uso wenye mpako. Hesabu kutoka nje: kwa kukataa jua mpako ukae uso wa pili, na kwa kutunza moto wa ndani kama wa Wanjiku, uso wa tatu. Kwa kioo kimoja cha mpako mgumu, chukua mita ya umeme, weka kwenye kupima ukinzani, gusa uso kwa ncha zote mbili. Kioo kitupu hakipitishi umeme, oksidi ya bati inapitisha.

#30 Mjenzi_Goba

Nimerudi dukani na mita. Nimepima pande zote mbili, mshale haukusogea. Muuzaji anasema mpako wake ni wa hali ya juu na haupimwi kwa mita.

#31 Fundi_Tegeta

Mpako wake ni ile stika.

#32 Injinia_Kimara

Inawezekana, lakini siwezi kuapa. Mpako laini wa fedha huwa na tabaka la juu la kinga lisilopitisha umeme, na ncha ya mita inaweza kuteleza juu yake isisome kitu. Kwa hiyo ama ni kioo kitupu chenye stika, ama ni mpako laini unaouzwa kama kioo kimoja, jambo ambalo kwa unyevu wetu ni hasara ya aina nyingine.

#33 Mwl_Fizikia_Moro

Kipo kipimo kisichoteleza, nacho ni kamera ya joto. Simama mbele ya kioo na uitazame picha: uso wenye emisiviti ndogo utakuonyesha sura yako mwenyewe ikiwaka wazi kama kwenye kioo cha kujitazamia, na uso mtupu utaonyesha kivuli chako hafifu juu ya joto la kioo chenyewe. Upime pande zote mbili.

#34 Fundi_Tegeta

Kamera hiyo ni shilingi ngapi, na kuna mdau wa hapa Dar anayeweza kuniazima kwa siku moja? Nina stoo nzima ya vioo vyenye stika ningependa kuvipitia.